Shahidi wa Pili

Mmeniandikia sana wiki hii. Msomaji mmoja wa Gongo la Mboto anasema yeye na mkewe hawasemezani tangu gazeti lililopita: mume anashikilia kwamba Kondo aliapa, mke anasema hawezi. Bwana, jiandae kuomba radhi.

Na wewe uliyeazima gazeti leo kwa jirani, usihangaike, habari yenyewe ni hii. Mwaka ni 1951, mahali ni Temeke, na serikali ya Mwingereza imewaachia wakazi waamue kwa kura: kilabu cha pombe cha Mtaroni kifungwe au kibaki? Jumuiya ya Heri ya msikitini, chini ya mwenyekiti wake Marijani, inataka kifungwe, na wanawake wa Kikatoliki wa misheni wameungana nayo. Tangazo la Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu, lilisema kura itapigwa siku ya pili ya Idd, basi, bila tarehe. Aliyeliandika ni karani Projestus, mtu wa Bukoba, aliyedhani Idd ina tarehe yake kama Krismasi.

Hapo ndipo shari ilipoanzia. Mwezi ukiandama Jumatano, Idd ni Alhamisi na kura ni Ijumaa: watu watatoka kwenye swala moja kwa moja hadi kwenye madebe ya kura. Usipoandama, Idd ni Ijumaa na kura ni Jumamosi, siku ambayo makuli wa bandarini wanapokea mshahara na kiu yao iko juu. Jumatano magharibi mbingu ikafunga wingu. Mwishehe, fundi wa kuezeka makuti, akashika msahafu akaapa ameona mwezi. Sheria inataka mashahidi wawili. Msahafu ukasogezwa mbele ya Kondo, mwadhini, mtu ambaye Temeke nzima hakuna aliyewahi kumshika kwa uongo.

Kondo alinyoosha mkono. Watu arobaini barazani mwa msikiti wakashusha pumzi.

Mkono ule ukaufunika msahafu kwa kitambaa chake cha kijani, taratibu, ukarudi mapajani.

"Sikuona mwezi," alisema.

"Hukuona, au hukutazama?" aliuliza Marijani.

"Nilitazama mpaka macho yakatoka maji. Nimeona wingu."

"Mwishehe kaona."

"Mwishehe ataulizwa yake. Mie nitaulizwa yangu."

Mwishehe alikuwa akiangalia vidole vyake vya miguu kama vya kuazima. Marijani akavuta mkeka karibu, akashusha sauti, lakini si sana. Alitaka wote wasikie.

"Kondo, ndugu yangu. Kila aliyekaa hapa anajua nani kaumizwa na kilabu kile kuliko sisi sote. Jamali katolewa kwenye mtaro ule. Ni mwanao, si wangu. Nakupa nafasi ya kukifunga, na wewe unanihadithia mawingu?"

Hilo lilichoma. Jamali alikuwa mtoto wa pekee wa Kondo na mkewe, na masika ya mwaka juzi alikutwa amekufa maji mbele ya kilabu, kanzu ikinuka pombe. Tangu hapo Kondo amesimama katika kila mkutano wa Jumuiya akasema maneno yaleyale: mwanangu alikufa mlevi, nyie wenzangu okoeni wenu. Hapakuwa na mawaidha yaliyowaliza watu kama hayo.

"Nataka kifungwe kuliko wewe," Kondo alisema. "Lakini sitawalisha Waislamu mchana wa Ramadhani ili nipate kura."

"Ni kwa ajili ya dini."

"Basi dini na iitwe kwa ukweli. Ikiwa haiwezi kushinda mpaka mie niseme uongo, itanisamehe, itashindwa."

Marijani akasimama. Uso ulikuwa umemvimba. "Pigeni ngoma," akasema. "Mwezi umeandama."

Ngoma ikapigwa. Watu wa Temeke wakatoka majumbani, sufuria zikaachwa mafigani, watoto wakaanza kuruka. Kisha wote wakanyamaza wakisubiri takbira. Tangu msikiti ule ujengwe, Idd ya Temeke haikuanza kwa ngoma. Ilianza kwa sauti ya Kondo.

Iliyotoka haikuwa yake. Ilipanda, ikapasuka katikati, ikakohoa.

"Huyo nani?" mwanamke mmoja aliuliza kutoka uani kwake.

"Mwishehe," akajibiwa na jirani.

"Kondo yuko wapi?"

"Wanasema kakataa."

"Basi mie nafunga," akasema yule mwanamke, akarudisha mfuniko kwenye sufuria ya vitumbua.

Hivyo ndivyo Temeke ilivyogawanyika. Nyumba hii Idd, nyumba ile Ramadhani, na katikati yao ukuta wa fito na udongo tu. Palikuwa na mzee mmoja aliyetangaza atafunga nusu siku ili asigombane na mtu, lakini huyo tumwache.

*

Kondo alifika nyumbani akamkuta mkewe, Tabu, amekaa mbele ya kinu, hatwangi.

"Umeapa?"

"Sikuapa."

Alitegemea neno jema. Baada ya yote yale, alidhani analistahili. Tabu akaendelea kukitazama kinu.

"Vizuri," akasema. "Hukusema usichokiona. Mwezi una bahati."

"Una maana gani?"

"Mwaka juzi nilikwambia mwanangu hakuwa mlevi. Nilimtuma mafuta ya taa, na chupa nilimpa mwenyewe kwa mkono wangu. Ukaniuliza nini, baba Jamali?"

Kondo akavua kofia yake, akaikunja.

"Uliniuliza, una shahidi? Mie mama yake, unanidai shahidi. Halafu ukaenda ukasimama mbele za watu ukasema alikufa mlevi. Ulimwona akinywa?"

"Kanzu ilinuka. Marijani ndiye aliyemtoa majini, akaniambia—"

"Sikuulizi Marijani alikwambia nini. Nakuuliza uliona?"

Kondo akakaa chini palepale kwenye udongo. Nitasema wazi, msomaji, kwa kuwa siwezi kumsetiri: mtu huyu aliyekuwa shujaa barazani saa moja iliyopita, sasa alitamani ardhi immeze. Kwa mwezi alidai haki yote. Kwa mwanawe alikubali harufu ya kanzu na maneno ya mtu mmoja.

"Sikuona," alisema mwishowe.

Usiku ulipokuwa mkubwa, Tabu akainuka akaenda kupakua daku. Alimwekea chakula mbele yake bila kumtazama, na Kondo akala bila kuhisi ladha.

*

Alhamisi asubuhi kengele ya baiskeli ililia nje. Alikuwa karani Projestus, suruali ameibana vifundoni, na nyuma yake akija kwa miguu mkewe, Auleria, mkubwa wa chama cha wanawake wa misheni. Auleria hakupenda kubebwa kwenye baiskeli. Alisema inamshushia heshima.

"Shikamoo mzee," alisema Projestus.

"Marahaba. Karibuni. Sitawapa kitu, mie nimefunga."

"Ndiyo kilichonileta." Karani akatoa karatasi mfukoni. "Bwana Shauri amesema atafuata Idd ya msikiti huu, ilimradi apate majina ya mashahidi wawili. Mwenyekiti Marijani kaleta majina. La kwanza Mwishehe. La pili hili hapa."

Kondo akaisogeza karatasi kwenye mwanga. Jina la pili lilikuwa lake. Mbele yake palikuwa na alama ya dole gumba, wino umevuja kando.

"Mimi nimekuona boma mara ngapi, mzee, ukitia sahihi yako kwa herufi za Kiarabu?" alisema Projestus. "Nikajiuliza, tangu lini Mzee Kondo kaanza kuweka dole? Nikaona nije kabla sijaipeleka mezani."

Kondo hakupandisha sauti. Aliomba kalamu. Akalipiga jina lake mstari, mstari mmoja uliokwenda sawa, kisha chini yake akaandika kwa herufi zake: Sikuona mwezi. Kondo bin Pazi.

"Chukua."

Projestus akaitazama karatasi, akaangalia pembeni. "Maana yake Idd kesho na kura Jumamosi. Mzee, mimi ni mtu wa serikali, sina upande. Lakini kwa siri, Jumamosi mnaweza kushindwa."

"Najua."

"Kosa ni langu. Ningeandika tarehe tu, yote haya yasingekuwepo."

"Ungeandika tarehe, mie nisingejua mwenyekiti wangu ni mtu wa aina gani. Usijilaumu sana."

Auleria alikuwa amesimama kando ya baiskeli. Sasa akasogea mbele.

"Baba, padre alipotuambia tushirikiane na msikiti, wanawake wangu walinung'unika. Niliwaambia kule kuna mtu mmoja hasemi uongo, mfuateni huyo. Usiku wa jana wameniuliza mara kumi kama kweli umeapia mawingu. Nirudi niwaambie nini?"

"Waambie Jumamosi."

"Na watu wa kilabu watakuwa na mshahara mfukoni."

"Wacha wawe nao. Mtu anayekubali kufunga kilabu akiwa hana senti, huyo hajakubali kitu. Tuwafuate wakiwa na mshahara, tuwaambie usoni. Wakikataa, wamekataa kwa haki, na mie nitaipokea."

Auleria akamtazama mumewe, kisha akamtazama Kondo. "Tutakuja Jumamosi," alisema. "Wote. Hata waliokuwa wananung'unika, hao kwanza."

Habari zilifika msikitini kabla ya baiskeli kufika boma. Adhuhuri Marijani alikuja na wanaume sita, meno yake bado yana rangi ya mchuzi wa Idd yake. Hakutoa salamu.

"Ufunguo wa msikiti."

Kondo akaufungua kwenye kikoi, akampa.

"Kuanzia leo huna adhana kwetu. Umeisaliti Jumuiya. Watu wanaanza kusema kilabu kimekununua."

"Wanasema, au umewaambia?"

"Huna adhana, Kondo."

"Ufunguo umechukua. Sauti nayo utaichukua kwa kitu gani?"

Mmoja wa wale sita alitaka kucheka, akajikohoza. Marijani akageuka akaondoka, na hao wakamfuata, lakini watano tu. Wa sita alibaki akiangaza-angaza, kisha akaingia kichochoroni kama mtu aliyesahau kitu.

*

Jua lilipozama, mwezi ulikuwepo. Mwembamba kama ukucha, mnyonge, unaotaka kuzama haraka. Kila aliyeufahamu mwezi alijua huu ni wa leo, si wa jana. Waliokuwa wamekula mchana wakaanza kutazama chini.

Kondo akafuturu kwa maji na tende, akasali, akatawadha tena, akatoka. Tabu akajifunika, akamfuata hatua kumi nyuma. Hakumuuliza anakwenda wapi. Kondo alipofika njia panda hakukata kulia kama kawaida yake. Alikwenda moja kwa moja, kwenye daraja la magogo mawili ya mnazi lililo juu ya mtaro, baina ya kilabu na msikiti.

Ujue, msomaji, kwa miaka miwili Kondo alikuwa akizunguka mitaa mitatu ili asikanyage daraja lile.

Akasimama katikati yake. Mbele, watu wa kilabu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, kata za pombe mikononi. Nyuma, mlango wa msikiti ulikuwa wazi na Marijani barazani. Kondo akaweka viganja masikioni.

Allahu Akbar, Allahu Akbar, Allahu Akbar.

Sauti ilipita juu ya mapaa ya madebe ikaenda mpaka mwisho wa Temeke. Kilabuni mazungumzo yalikatika. Mtu mmoja aliweka kata yake chini, akaifunika kwa mkono kana kwamba sauti ingeingia ndani yake. Kisha uani kwa yule mwanamke wa vitumbua pakajibiwa takbira, na nyumba iliyofuata, na ya tatu, na ikawa Idd. Hata wale waliokwisha kusherehekea tangu jana waliitikia. Wengine walikuwa wakilia, na hawakujificha.

"Mnyamazisheni," alisema Marijani barazani.

Hakuna aliyeinuka. Bali mtu mmoja alitoka gizani upande wa msikiti, akaja mbiombio mpaka kichwani mwa daraja, akapiga magoti kwenye matope. Alikuwa Mwishehe.

"Mzee Kondo, sikuona mwezi."

"Najua, Mwishehe. Inuka."

"Leo nimekula mchana kwa uongo wangu mwenyewe. Nimekula kila kitu, na kila tonge lilinikwama. Ngoja nimalize. Si mwezi tu."

Takbira za majumbani zilikuwa bado zinapanda. Mwishehe ilibidi aseme kwa nguvu ili asikike.

"Siku ile Jamali hakunywa hata tone. Mlevi nilikuwa mie. Nilitoka hapo kilabuni, nikatumbukia mtaroni, maji ya masika yamejaa mpaka hapa. Jamali alikuwa anapita na chupa ya mafuta ya taa. Akaiweka ukingoni, vizuri kabisa, kama mtu anayekwenda kurudi. Akaruka. Akanisukuma juu. Nilimtapikia, mzee. Pombe mliyoinusa kwenye kanzu ilikuwa yangu. Nilipogeuka kumshika mkono, maji yalikuwa yameshamchukua."

Kondo alikuwa amesimama vilevile, viganja bado juu, karibu na masikio.

Tabu alipita ubavuni mwake juu ya magogo. "Rudia," alimwambia Mwishehe. "Rudia kwa sauti, na wale wenye kata wasikie. Mwanangu alikuwa ametumwa nini?"

"Mafuta ya taa, mama."

"Na alikuwa amekunywa nini?"

"Hakunywa kitu."

Watu wa kilabu walikuwa wamesimama sasa. Wa msikitini nao walikuwa wameshuka barazani. Kwa mara ya kwanza tangu kampeni ianze, pande zote mbili zilikuwa zimesimama kwenye kingo za mtaro mmoja, zikimsikiliza mtu mmoja.

"Kwa nini ulinyamaza miaka miwili?" Kondo aliuliza. Sauti ile iliyokuwa imejaza Temeke ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa cha kuongea na mtu wa karibu.

"Niliogopa. Aliyenikuta hapa ukingoni nilimweleza yote, palepale, mwili haujatolewa. Akasema, nyamaza, Jumuiya inahitaji mfano wa kuwaonyesha watu, na maiti haoni haya. Tangu hapo analotaka nalifanya. Jana alitaka mwezi."

Kondo akashusha mikono. Na hapa, msomaji wa Gongo la Mboto, mke wako atakasirika, maana Kondo alisema neno ambalo hata Tabu aligeuka kumkazia macho.

"Huyu ni mmoja," alisema. "Sheria inataka wawili."

"Baba Jamali," alisema Tabu.

"Wawili, mama Jamali. Nilimhukumu bila shahidi. Sitamtoa kwa nusu ya haki. Nataka atoke kwa haki nzima, mbele ya kila aliyenisikia nikimwita mlevi." Akamgeukia Mwishehe. "Ulimweleza nani?"

Mwishehe hakutaja jina. Aliinua mkono wenye matope, akaunyoosha kuelekea msikitini.

Watu walipisha njia. Kondo akashuka darajani, akapita katikati yao, akapanda ngazi mbili za baraza. Msahafu ulikuwa palepale ulipoachwa jana, juu ya kiti chake cha mbao, umefunikwa kwa kitambaa cha kijani kwa mkono wake mwenyewe. Akaufunua, akauinua kwa mikono miwili, akasimama mbele ya mwenyekiti wa Jumuiya ya Heri.

"Jana ulinipa mie," alisema Kondo. "Leo shika wewe."

Marijani alikuwa na mikono nyuma, na Temeke nzima ilikuwa ikiisubiri itokee mbele.